Kanga za Uvunguni: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Viongozi wa dini mliofika,
Waume zetu na mashemeji zetu, ambao leo ndiyo mara ya kwanza kualikwa,
Wanachama wenzetu, majirani na watoto,



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii tukiwa wazima. Wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki tunawaombea wapumzike mahali pema. Pia tunawashukuru vijana waliofunga turubai usiku, maana mvua ya jana hapa Tanga kila mtu aliiona.

Habari za kikundi Katibu ameshazisoma, na hesabu zimechapwa ndani ya kitabu hiki. Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 15, sanduku moja, kufuli tatu, na funguo zake kwa watu watatu. Leo tuko 30. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 ilipotutaka tujisajili, tulijisajili. Mwaka 2020 wakati wa corona tulikutana uwani, viti mbalimbali, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na sanduku halikukosa hata wiki moja. Hayo yanatosha.

Kamati imetupa kazi ya kueleza matatizo. Tulikaa tukayaandika, yakawa mengi, na karibu yote ni yale yale ya vikundi vyote: mtu kuchelewa marejesho, mtu kuhama bila kuaga, mtu kununa. Lakini liko moja ambalo kila tukikutana akina mama wanasema, "Mwenyekiti, siku ya sherehe lisiposemwa hilo basi hatujasema kitu." Basi tutalisema hilo peke yake. Nalo ni habari ya kanga.

Tutasema "sisi" mpaka mwisho, maana ndivyo tulivyozoea kusema kikundini. Pale ambapo "sisi" ni mtu mmoja mtajua wenyewe.

Jamani, mwanamke wa pwani na kanga ni kitu kimoja. Anazaliwa anapokelewa na kanga, anabebwa nayo, anaolewa nayo, na siku ya mwisho kanga ipo. Ukienda msibani umejifunga, ukienda kumwona mzazi umebeba doti. Wazee wetu walitusimulia kwamba zamani, kabla hazijaja hizi zilizochapwa, akina mama wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mkononi, wakazishona sita pamoja, tatu juu tatu chini, wakapata nguo moja. Baadaye wafanyabiashara wakaona kumbe hii ni biashara, wakachapisha nguo nzima. Pale Mombasa, Biashara Street, liko duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, ndiyo hizo leso zenye maneno "Mali ya Abdulla" pembeni. Nyingine zilikuja kutoka India na Japani. Kwetu Tanzania kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na mama zetu waliivaa kanga ya Urafiki kwa kujivuna.

Asiyejua anaona kanga ni kanga. Sisi wenye ugonjwa tunatazama pindo, tunatazama mji, halafu tunasoma jina. Rangi ikibadilika ni nyingine, jina likibadilika ni nyingine. Na ubaya wake ni kwamba toleo likiisha limeisha. Unaiona leo dukani, ukisema utarudi mwisho wa mwezi unakuta imekwisha, na hutaipata tena mpaka umwone mwenzio kaivaa harusini, roho ikakuuma. Mwaka 2008 Barack Obama aliposhinda urais Marekani ikatoka kanga yenye sura yake na neno la hongera. Yuko mwenzetu alipanda basi mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya doti hiyo moja. Nyumbani aliaga anakwenda kumwona shangazi mgonjwa. Shangazi mwenyewe alikuwa mzima, anauza mihogo.

Huku kuficha hatukuanza sisi. Mwaka 1983, ilipopigwa vita ya wahujumu uchumi wakati Marehemu Edward Sokoine ni Waziri Mkuu, sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Bidhaa hakuna, sabuni kwa foleni, kanga kwa foleni, na mtu akikutwa na vitu vingi ndani anaweza kuitwa mlanguzi. Mama yetu alikuwa na doti kumi na moja, zake za halali za tangu uchumba. Usiku alizitoa, akazifunga kwenye gunia, akazitia ndani ya mtungi mkubwa wa unga, juu akamwaga pumba. Akatuambia, "Mtu akiuliza, humu mna chakula cha kuku." Vita ilipokwisha nguo hazikutoka mtungini. Baba alikuja kufa hajui kwamba mkewe ana doti kumi na moja. Tuliziona sisi watoto wa kike tu, tukajifunza.

Basi na sisi tulipoolewa tukafanya yale yale. Mashemeji, leo tunawatolea siri, msije mkatusema tukifika nyumbani. Doti mpya haiingii ndani mchana. Inapitia kwa jirani, inakatwa huko, inapindwa huko, inafuliwa mara mbili huko ili ipoteze wanga na ile harufu ya dukani. Ikivaliwa, mume akiuliza, jibu liko tayari: "Hii ya zamani, we huioni tu." Au, "Nilipewa kwenye harusi ya mtoto wa Mama Fulani." Na harusi Tanga haziishi. Zilizobaki zinakaa uvunguni kwenye begi, na begi likijaa zinakwenda kuwekwa kwa shoga.

Fedha je? Hapo ndipo penye maumivu. Kwa kuwa hatutaki ionekane fedha kubwa imetoka kwa siku moja, tunakopa kwa mama anayezungusha mzigo. Anakuja na furushi lake na daftari, unachagua, anaandika, unalipa kwa mafungu matatu. Mwaka 2019 doti ambayo dukani ilikuwa shilingi 9,000 taslimu, kwa mafungu ilikuwa 15,000. Tulikaa siku moja na kalamu, sisi wa darasa la saba, tukapiga hesabu ya doti 38 zilizonunuliwa namna hiyo. Kwa taslimu ni 342,000. Kwa mafungu ni 570,000. Tofauti ni 228,000. Tukatazamana. Kwa fedha hiyo mtu anapata kuku wa kuanzia ufugaji na bati za banda lao, nasi tulikuwa tumelipia kunyamaza.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwenzetu mwenye habari hii ameturuhusu tuiseme, na mumewe ameruhusu, wamekaa pale mstari wa pili. Jina hatutalitaja, ingawa mtaa mzima unalijua.

Mwezi wa tatu mwaka 2019 mwenzetu alikopa 600,000 sandukuni. Kwenye fomu aliandika biashara ya samaki: kununua deli, barafu na mtaji wa kwanza. Mumewe ni mvuvi, alitia sahihi ya udhamini kwa furaha kabisa, kwa sababu aliona mke atauza samaki wake mwenyewe badala ya kuwapa wachuuzi. Riba yetu ilikuwa asilimia kumi, kwa hiyo deni likawa 660,000. Fungu la kwanza la fedha lilikwenda kulipa madaftari mawili ya kanga. Fungu la pili lilikwenda kwenye kanga nyingine, kwa sababu mwenye daftari ukimlipa anakufungulia furushi jipya mbele yako. Deli lilinunuliwa, ndiyo, dogo, la kuonyesha.

Mwezi wa sita mtoto wao wa kiume alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mkono. Hospitali zikatakiwa fedha. Mume akamuuliza mkewe, "Ile ya samaki imebaki ngapi?" Akasema imo kwenye mzunguko, iko kwa wateja. Yule bwana akauza nyavu zake mbili. Mtoto akafungwa mkono, akapona. Na siku zile zote, jamani, kitanda alicholalia mtoto na mkono wake, chini yake mlikuwa na doti 140.

Tulimuuliza mwenzetu baadaye kwa nini hakusema. Alisema, "Nilitaka kusema. Lakini angeuliza, hizi zimetoka wapi, na tangu lini? Ningeanzia wapi?" Hatukuwa na jibu. Kila mmoja wetu pale alikuwa na "tangu lini" yake.

Marejesho yakakwama. Alikuwa amelipa 180,000, limebaki 480,000. Katiba yetu inasema mwanachama akishindwa miezi mitatu, kamati inakwenda nyumbani kutazama mali. Mwezi wa nane tukaenda watu watano, mwenyekiti mbele. Mume alikuwepo, alikuwa hajatoka baharini. Tukakaribishwa chai. Tukaeleza. Mwenzetu hakubisha, aliingia chumbani akalivuta kasha na mabegi mawili, akafungua.

Tukaanza kuhesabu, mmoja anatoa, mmoja anaandika. Yule bwana hakupiga kelele, wala hakunyanyua mkono. Alikaa kwenye kigoda, akawa anachukua moja moja, anasoma jina. Anasoma taratibu kama mtoto wa darasa la pili, anaiweka upande, anachukua nyingine. Mnajua majina ya kanga yalivyo: hii inamsema jirani, hii inamwomba Mungu, hii inasema usiri, hii inasema mapenzi. Alisoma kama thelathini hivi. Halafu akasema, "Zote hizi mimi sijawahi kuziona." Akachukua begi lake akaondoka. Kesho yake tukasikia yuko dago, Kigombe.

Hatujafika bado kwenye sehemu ngumu.

Katika doti zile 140, doti 38 hazikuwa za mwenzetu. Zilikuwa zetu. Za huyu huyu anayesoma karatasi hii. Tulikuwa tumeziweka kwake ili mzee wetu wa nyumbani asizione. Na sisi ndio tulioongoza kamati, sisi ndio tuliosema "hesabuni," na zilipofika zile zetu, tunazijua moja moja kwa pindo lake, tukanyamaza. Mwenzetu alitutazama mara moja tu. Naye akanyamaza.

Ilipofika kuchagua za kuuza, akatenga doti 44 akasema hizi haziuzwi. Wajumbe wakamshangaa. Mmoja akasema, tena kwa sauti, "Mtu deni limemfika shingoni na bado anachagua nzuri za kubaki nazo!" Tuliyasikia. Katika zile 44, zetu zote 38 zilikuwemo. Zake alizobakiza zilikuwa sita. Zake 96 ziliuzwa pale pale kikundini, shilingi 5,000 kila doti, likapatikana deni lote la 480,000. Nguo nyingine hazikuwahi kuguswa na mwili, lakini ikishakatwa na kupindwa ni mtumba. Tulikuwa tunajidanganya siku zote kwamba kanga ni akiba. Tuliiona akiba yetu siku ile inavyonunuliwa.

Wiki mbili mtaa ukamsema mwenzetu, na sisi tukaitikia salamu zake kwa mbali. Wiki ya tatu hatukulala. Alfajiri tukamwendea Mweka Hazina, mtu mzima kuliko sisi, tukamweleza. Hakutulaumu sana, alisema tu, "Vaa viatu." Tukapanda gari mpaka Kigombe, tukamkuta yule bwana anafuma wavu. Tukamwambia: doti 38 zilikuwa zetu, na zile alizozikatalia kuuza alikuwa anatulindia sisi.

Alifuma kidogo. Akasema, "Kwa hiyo, Mwenyekiti, wewe ndiye uliyekuja kumhesabia mwenzio."

Tukasema ndiyo.

Hakuongeza neno, tena afadhali angetutukana. Ijumaa ile akarudi kwake. Walizungumza nini ni mambo yao. Tunachojua ni kwamba msimu uliofuata mwenzetu aliuza samaki kweli, kwenye deli kubwa, na nyavu zikarudi moja kwanza, baadaye ya pili.

Jioni ile ile tuliporudi kutoka Kigombe tulikuwa na kazi nyingine nyumbani. Tulimpa mzee wetu chakula, akala, akanawa. Tukamwambia, tuna doti 38 nje ya nyumba hii, na humu uvunguni ziko nyingine saba.

Akasema, "Zile saba nazijua."

Alikuwa anazijua tangu mwaka 2013. Alikuwa ameziona wakati wa kupulizia dawa ya kunguni. Kila mara alikuwa akifungua begi tukiwa hatupo, anahesabu, anaona zimeongezeka, au zimebadilika. Akatuuliza swali moja, na sauti yake hatutaisahau. "Nani alikuwa anakununulia?"

Wenzetu, tulikuwa hatujawahi kufikiri hivyo hata siku moja! Sisi tulidhani tunaficha matumizi. Lakini kwa desturi zetu za pwani mwanamume akimpenda mwanamke anampelekea nini? Doti ya kanga. Miaka sita mtu analala na mkewe kitanda kimoja, chini ya godoro kuna kanga asizozinunua yeye, zina majina ya mapenzi, na mke akiulizwa anasema za harusini. Alikuwa na mtu wake kabisa akilini, fundi baiskeli wa hapo jirani, mtu wa watu asiye na habari yoyote. Ndipo tukaelewa kwa nini baiskeli ikiharibika alikuwa akiisukuma mpaka Barabara ya 20, kumbe fundi yuko nyumba ya tatu. Sisi tulikuwa tunamcheka tukidhani ni ubahili.

Tulilia sana. Yeye hakulia, ila alitaka aone madaftari. Bahati yule mama mwenye furushi alikuwa bado na daftari la zamani, lina tarehe, lina jina letu, lina 5,000, 5,000, 5,000. Mzee alilipitia lote kwa taa. Alipomaliza alisema tumenunua ghali. Yuko hapa leo, na fundi baiskeli yuko hapa pia, tumewaketisha meza moja. (Makofi na vigelegele.)

Zile 38 tulimwambia mwenzetu azichukue zote. Alichukua kumi na tisa. Tulipombembeleza zaidi alikataa, akasema nusu ndiyo haki yake ya kutunza.

Baada ya hapo kikundi kilikaa vikao vitatu vya moto. Wako waliotaka kila mwanachama afungue mabegi mbele ya mumewe, tena kamati ishuhudie. Sisi mwenyekiti, kwa kuwa dhambi bado ilikuwa mbichi, tuliunga mkono. Lakini alisimama mwenzetu mmoja ambaye kwa kawaida haongei. Akasema, "Ninyi waume zenu wakiziona watanuna. Wangu ataziuza." Na ni kweli, alikuwa ameshauza doti zake mara mbili, na redio, na mbuzi wa mtoto, kwa ajili ya pombe. Huyo akificha, anaficha nini? Anaficha nguo za kusitiri watoto. Kikao kikanyamaza. Tukaona kwamba tungepitisha ile sheria tungemvua yeye ili sisi tujisikie tumetubu. Haikupita. Kinyume chake, begi lake tukaliweka pamoja na sanduku la kikundi, na liko huko mpaka leo. Tusimuulizane ni nani.

Tulichopitisha ni kidogo tu. Kwanza, fomu ya mkopo inasomwa kwa sauti mbele ya mdhamini, kila mstari, na baada ya mwezi mmoja watu wawili wanakwenda kutazama hicho kilichoandikwa. Ni deli, walione deli. Pili, tulianzisha mfuko wa kanga. Wengine walicheka, eti tunawafundisha walevi kwa kufungua kilabu. Lakini sisi tunajijua, kusema "acheni kanga" ni kupoteza wino. Kila wiki anayetaka anaweka 1,000 pembeni, haichanganywi na hisa. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Ramadhani na kabla ya Krismasi, watu wawili wanakwenda Dar es Salaam kununua kwa korja, doti ishirini ishirini, kwa bei ya jumla. Mwenye fedha yake anachagua, asiye nayo anasubiri. Daftari la mafungu haliingii kikundini. Yule mama mwenye furushi alitukasirikia mwaka mzima, halafu akajiunga, ndiye sasa anayetuchagulia, maana jicho lake kwa pindo hatujaona mfano.

Tusiseme uongo kwamba kuficha kumekwisha. Mwezi uliopita tu mtu aliomba doti yake ikae ofisini "mpaka mzee asafiri". Tulimpa siku saba.

Na ninyi mashemeji msicheke sana. Mmoja wenu, mpenzi wa Coastal Union tangu ilipochukua ubingwa mwaka 1988, mkewe alikuta jezi kumi na nne ndani ya tangi la maji bovu, kila moja imefungwa kwenye nailoni, na viatu vya mtoto vya shule vilikuwa vimetoboka. Mkewe alipomuuliza alijibu, "Hizi za zamani." Tulipigiwa simu usiku ule ule tukacheka mpaka tukakaa chini. Jibu lile tulilijua. Ameruhusu lisemwe, ila amesema tuongeze kwamba saba alipewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kabla hatujakukaribisha, tunatoa tangazo. Nje pale chini ya mwembe tumefunga kamba nne, na kila mwanachama aliyetaka ametundika kanga zake. Ziko 612, zimehesabiwa asubuhi. Ziko za Urafiki za mama zetu, ziko mbili za "Mali ya Abdulla" zilizovuka Horohoro baada ya harusi ya Mombasa, iko ile ya Obama, na shangazi mwenye mihogo amekuja kuiona. Zile za mtungi wa unga ziko nne, nyingine ziliisha kwa uzee. Kila moja ina kikaratasi kimebanwa kwa pini, na kwenye kikaratasi pameandikwa bei iliyolipwa. Bei ya kweli. Waume zetu, mkitoka hapa piteni mzisome kwa utaratibu, bila kusukumana, na mwenye swali amuulize mkewe palepale, chai iko tayari.

Sare tuliyovaa leo imenunuliwa kwa korja kutoka mfuko wa kanga, doti shilingi 11,500, fedha imelipwa yote. Mwenzetu wa mstari wa pili hakuvaa sare. Amevaa moja ya zile kumi na tisa, na ametuambia tusimwulize kwa nini.